Mabango ya Nyusoni

Jinsi Sikudhani alivyofika Nyusoni haina haja ya kusimuliwa. Njia zilikuwa mbaya kama njia zote, na kila msafiri huwachosha watu kwa habari za njia. Itoshe kusema alifika, ana brashi zake na makopo yake ya rangi, akakuta nchi ya kupendeza yenye miwa kila upande na harufu ya sukari guru hewani tangu asubuhi.

Kwao Sikudhani alikuwa mchoraji wa mabango ya viwandani. Fuvu na mifupa miwili, radi nyekundu juu ya sanduku la umeme, mtu mweusi anayeteleza ndani ya pembetatu ya njano: hivyo ndivyo vilivyomlisha. Wenye viwanda walimlipa kwa kinyongo, wakayatundika mabango yake nyuma ya milango, na siku mkaguzi akija wakayatoa na kuyafuta vumbi. Kwa hiyo aliposikia kwamba iko nchi ambako mchoraji wa mabango huketishwa mbele karamuni, hakuuliza mara mbili. Nani angeuliza?

Kiwanda kilichomwita kilikuwa cha kukamua miwa na kupika sukari guru, na aliyempokea mlangoni alikuwa Bi Arafa, Mtunza Nyuso wa mji ule. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, kanga zake zimepigwa pasi hadi ukingoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyehitaji kuipandisha.

"Shikamoo, mama," alisema Sikudhani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Nyusoni. Umekula? Hujala, nakuona. Utakula, kisha nitakuonyesha watu wetu."

Watu aliowasema walikuwa ukutani. Kila ukuta wa kiwanda ulijaa picha za nyuso, wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo za sikukuu, wote wanatabasamu, na chini ya kila uso pameandikwa jina. Sikudhani alidhani ni wenye kiwanda tangu enzi za mababu. Bi Arafa akamsahihisha bila kumcheka. Huko Nyusoni, alisema, mtu akiumia kazini hatuchori mashine iliyomuumiza, wala moto, wala shimo. Tunamchora yeye mwenyewe, mzima, amependeza, anatabasamu, na picha tunaitundika palepale alipoumia. Na kwa kuwa neno lenyewe ni zito mdomoni, hatusemi fulani ameumia. Tunasema fulani amepata uso.

"Na namna alivyoumia inaandikwa wapi?" Sikudhani aliuliza.

"Haiandikwi wala haisemwi. Sheria inakataza. Wewe ungependa watu wakusimulie wakati ule ulipokuwa chini unalia?"

Sikudhani asingependa.

Sheria nyingine alizijua polepole, kama mgeni anavyozijua sheria za nyumba ya watu, kwa kuzikanyaga. Aliambiwa kwamba nafasi ya aliyepata uso hurithiwa na mtoto wake, mashine ileile, na mrithi huvaa joho la mzazi, vazi la bluu lenye mikono mipana, na hulivaa kazini maisha yake yote. Aliambiwa tena kwamba ni kosa kubwa kutundika picha mahali ambapo hajaumia mtu, kwani huko ni kumtakia mwenzako balaa. Na alijionea mwenyewe kwamba kiwanda chenye nyuso nyingi ndicho kinachoheshimika. Mwenye kiwanda kile aliwatembeza wateja wake kando ya kuta, mikono nyuma, akisema kwa upole, "Sisi ni wa zamani, kama mnavyoona." Ng'ambo ya mto palikuwa na kiwanda kipya ambacho kuta zake zilikuwa karibu tupu, na mwenye nacho, mtu mpole mwenye haya, kila akipata wageni aliwaomba radhi. "Bado tu wachanga," alisema. "Mungu akipenda tutakua."

Ilikuwepo pia Kamati ya Vipimo, chini ya Bwana Ngwali, mtu mfupi aliyetembea na utepe wa fundi cherehani shingoni. Si kila jeraha lilistahili uso mzima. Kucha iliyong'oka ilipewa sikio. Kidole kilipewa nusu ya uso, na mwenye nacho alichagua nusu ipi. Kuhusu vidole vya miguu kamati ilikuwa imegawanyika tangu zamani, maana wapo waliosema kitu kinachofichwa ndani ya kiatu hakiwezi kudai kuonekana ukutani, na wapo waliotoka kikaoni kwa hasira kwa sababu ya usemi huo. Bwana Ngwali alimweleza Sikudhani haya yote kwa makini na bila tabasamu hata moja. Alikuwa mtu mwaminifu. Hakuna aliyepata kumhonga hata nusu ya nyusi.

Mambo haya yangeweza kumchekesha Sikudhani akaendelea na kazi yake. Lakini siku zile za mwanzo alisogea kuitazama picha moja karibu na tanuri, ya mama mwenye ushungi wa kijani na macho mazuri ajabu. Ilichorwa kwa ustadi. Akataka kuona mchoraji alivyoiweka nuru kwenye shavu, akasogea tena, akaegemea kiwiko, na kiwiko kikatua juu ya bomba la moshi la tanuri lililokuwa linawaka kama pasi. Akapiga yowe. Watu wakaja mbio, wakamwagia maji, wakampaka asali, na huku wanampaka wakaanza kumpongeza. Bwana Ngwali alifika na utepe wake, akalipima lengelenge, akatangaza nyusi moja.

Sikudhani alikaa kwenye gunia la sukari, kiwiko kinamuwaka, akimtazama yule mama wa ushungi wa kijani. Mama naye alimtazama yeye kwa upendo. Alimtazama hivyo kila aliyepita, alimwita kila aliyepita asogee, na bomba lile lililomchoma yeye lilikuwa hapo chini ya kidevu chake, jeusi, limenyamaza, halikutajwa na mtu. Hapo ndipo Sikudhani alipoacha kuicheka nchi hii. Watu hawa waliwapenda majeruhi wao kuliko watu wowote aliowahi kuwaona, na kwa mapenzi hayohayo walikuwa wanawaita wengine wakaungue.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa uso wa Bwana Kitwana.

Kitwana alikuwa mlisha mashine. Mashine yenyewe ilikuwa na roli mbili za chuma zenye meno, zinazozunguka kwa kuelekeana, na mlishaji husimama mbele yake akiingiza miwa katikati ya roli, juisi ikashuka upande huu na makapi yakatoka upande ule. Sasa mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo. Sikudhani alimkuta nyumbani kwake, ameketi kwenye kiti cha kamba, ananyolewa ndevu na binti yake, mwanamke kijana aliyeitwa Mashavu.

"Tulia, baba. Unataka uende ukutani na vipele?"

"Ningekuwa na mikono yangu miwili ungenisikia nikilalamika? Ningejinyoa."

"Ulikuwa nayo na ulilalamika."

Wakacheka wote wawili, na Sikudhani akacheka nao. Joho la bluu lilikuwa limelala kitandani. Mashavu alikuwa amelifua na kulishona. Mkono wa kulia wa joho ulikuwa umechanika vibaya, na yeye alikuwa ameutia kiraka cha rangi ileile, kwa mishono midogo iliyopangika, mpaka mtu asiyejua asingekiona. Siku ya picha kutundikwa ndiyo siku ambayo Mashavu angeingia kazini na kulisha mua wake wa kwanza mbele ya mji mzima. Alilizungumza jambo hilo kama bibi harusi anavyoizungumza harusi yake.

Alipotoka kwenda kisimani, Kitwana aliinama mbele.

"Fundi, nikuulize. Wewe si mtu wa hapa. Masikio yako hayamo katika sheria yetu, sivyo?"

"Sidhani kama yamo."

"Basi nisikilize upesi kabla hajarudi. Lilikuwa joho. Mkono wa joho. Ule mua ulikuwa mfupi, mimi nikausindikiza kwa mkono badala ya kuusukuma kwa mua mwingine, maana mwenzangu alikuwa ananiharakisha. Ncha ya joho ikaingia kwenye meno. Fundi, zile roli hazina nguvu unayoiona kwa macho. Zinazunguka taratibu, utadhani zinasinzia. Lakini zikishika haziachi. Nilivuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote na mkono ulikuwa unakwenda tu."

Akajifuta uso kwa kiganja kilichobaki.

"Nimejaribu kumwambia. Nikifungua mdomo anaziba masikio. Si kwamba hanipendi. Anaona kunisikiliza ni kunivunjia heshima. Ameshona joho lile na hajui ameshona nini. Nichore unavyotaka, fundi, nichore na pembe. Ila mwanangu asifike mkono wangu ulikofika."

Mashavu akarudi na ndoo kichwani, akiimba.

Kesho yake Sikudhani alikwenda kwenye Baraza la Nyuso. Aliwaonyesha wazee na wajumbe mchoro wa bango alilolijua: roli mbili, mkono katikati, na mstari mwekundu wa kuukata. Aliwaambia kwamba bango zuri ni lile ambalo mtu hahitaji kusoma, ambalo mtu aliyebeba mzigo anaweza kulielewa akiwa anapita, na linalokaa pale mkono ulipo na si juu ya dari. Aliongea vizuri. Hata yeye mwenyewe alijisikia anaongea vizuri.

Mwenye kiwanda alisimama wa kwanza. Alisema kwa huzuni ya kweli kwamba wateja hula sukari guru kwa macho kabla ya mdomo, na hajui nani angeinunua baada ya kuona mkono katikati ya roli. Bwana Ngwali alisema mkono ule hauna kipimo. Ni wa nani, na je, mwenyewe amekubaliwa na kamati? Mjumbe mmoja kijana akauliza kama haiwezekani kuuchora mkono ule ukiwa unatabasamu. Swali hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Kisha akazungumza Bi Arafa, na Sikudhani akatamani asingezungumza, maana aliyosema hayakuwa ya kuchekwa.

"Mwanangu, wewe umekuta kuta zimejaa. Mimi nimezijua zikiwa tupu. Zamani, mtu akikatika mkono hapa alipewa ujira wake wa siku akaonyeshwa mlango. Wiki inayofuata jina lake halijulikani. Watoto wake wakipita njiani hakuna anayewauliza hali ya baba. Ni sisi wanawake tulioanza kubandika nyuso. Tulifukuzwa, tukarudi, zikabanduliwa, tukabandika tena, mpaka ikawa sheria. Sasa wewe unaniambia niutoe uso niweke mkono. Mkono hauna jina. Mkono hauna mama. Wakishazoea kuchora mikono, fundi, watatusahau tena."

Sikudhani alijua, kwa sababu ameambiwa, kwamba pale kwenye makarai ya kupikia juisi ilitundikwa picha ya kijana aitwaye Mbarouk, na kwamba Mbarouk alikuwa mtoto pekee wa Bi Arafa. Uso wake ulikuwa mzima, si nusu wala robo. Maana ya uso mzima uliozungushiwa maua ilikuwa moja: mwenyewe hakurudi nyumbani.

"Sitautoa uso, mama," alisema Sikudhani, akakunja mchoro wake.

Alirudi kwa Kitwana ana hasira, na hasira yenyewe hakujua amuelekezee nani. Angekuta watu wabaya angejua la kufanya. Alimketisha Kitwana dirishani, akamvisha joho, akamwambia atabasamu. Kitwana akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mashavu alikuwa uani, karibu na jiko, anamlisha uji mtoto wa jirani, na mtoto yule akanyoosha kidole kuelekea sufuria. Kitwana aligeuka kabla ya mtu yeyote kusema kitu. Hakupiga kelele. Aliitazama sufuria, akainua mkono wake wa kushoto, kiganja wazi, na mdomo wake ukabaki na lile tabasamu dogo la mtu mzima anayemwambia mtoto taratibu, taratibu. Mtoto naye hakumtazama Kitwana usoni kwa muda mrefu. Alifuata macho yake, akaiona sufuria, akarudisha kidole.

"Kaa hivyohivyo," alisema Sikudhani. "Usigeuke, baba. Kaa hivyohivyo."

Sheria ilitaka uso, ikataka joho, ikataka tabasamu na jina. Haikusema macho yaangalie wapi. Haikusema mikono ya joho isikunjwe, wala haikusema fremu iwe ya rangi gani. Kuhusu mahali pa kupiga msumari, mwenye uso ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua. Wengi walichagua juu sana, karibu na paa, kwa fahari. Kitwana akachagua chini, pembeni ya mdomo wa mashine, usawa wa macho ya mtu anayelisha miwa. Wapigaji misumari walimwonea huruma kwa unyenyekevu wake.

Siku yenyewe ilipofika kiwanda kilipambwa kwa makuti na vitambaa. Mji wote ulikuja. Walikuja hata watu wa kile kiwanda cha ng'ambo ya mto, wakasimama nyuma kwa adabu ya watu wasio na nyuso nyingi. Picha ilikuwa imefunikwa shuka jeupe. Mashavu aliingia kati ya vigelegele, amevaa joho la baba yake, mikono yake mipana inapepea kila akiinua kiganja kuwajibu watu. Alikuwa amependeza na alijua amependeza. Kitwana alisimama kando ya mashine, mkono wake mfupi umefichwa ubavuni.

Injini ikawashwa. Roli zikaanza kuzunguka, taratibu, kama alivyosema. Desturi ni kwamba mrithi huchukua mua, hufunuliwa picha, husalimiana kwa macho na mzazi wake wa ukutani, kisha huuingiza mua, na hapo ngoma hupigwa. Mtu mmoja akamkabidhi Mashavu mua. Sikudhani akaona kwamba ni mua mfupi, uliokatwa ili uwe mwepesi kwa bibi mrithi, akashika nguzo. Alikuwa amechora picha, basi. Picha ni mbao na rangi. Akawaza kumrukia, akawaza kupiga kelele, na vigelegele vilikuwa vikubwa kiasi kwamba asingesikika.

Shuka likavutwa.

Mashavu aligeuza uso kulitafuta tabasamu la baba yake, na tabasamu alilikuta, lakini macho hayakuwa kwake. Baba wa kwenye picha hakuwa anamtazama yeye. Alitazama chini, pembeni, mikono ya joho imekunjwa hadi kiwikoni, na kiganja chake cha kushoto kilikuwa wazi mbele ya kifua. Fremu ilikuwa nyekundu, na wekundu ule ulitoka kwenye mbao ukashuka hadi kwenye meza ya chuma, ukapita mbele ya roli kama ukingo. Mashavu alisimama na mua wake mkononi. Watu walidhani amezidiwa na furaha, wakaongeza vigelegele. Yeye aliyafuata macho ya baba yake mpaka yalipofikia, kwenye meno ya roli ya chini, akainama kidogo atazame kuna nini.

Kulikuwa na nyuzi. Zilikuwa nyuzi chache za bluu, zimejibana kwenye shina la meno, zimepauka kwa juisi na vumbi. Hakuna aliyezitoa kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuzitaja. Zilizunguka na roli, zikapotea, zikarudi. Mashavu aliitazama ncha ya mkono wa kulia wa joho lake, pale kwenye kiraka alichokishona mwenyewe, rangi ileile, uzi uleule, na ikawa kama mtu amemwambia neno moja waziwazi sikioni.

Akauweka mua chini. Akamgeukia baba yake wa kweli.

"Baba," alisema, na watu wa mbele wakaacha vigelegele ili wasikie. "Ni joho?"

Kitwana hakujibu kwa sheria wala kwa desturi. Alitikisa kichwa kukubali, machozi yakamtoka mbele za watu.

Mashavu akalivua joho. Alilivua taratibu, mkono mmoja kisha wa pili, akalikunja vizuri kama kitu cha kupendwa, akamkabidhi baba yake. Alibaki na blauzi yenye mikono mifupi. Akachukua mua ule mfupi, akauweka mezani nyuma ya wekundu, kisha akachukua mua mrefu, akautumia kuusukuma ule mfupi mpaka roli zikaunyakua. Zikaukamua. Juisi ikashuka. Ngoma haikupigwa kwa sababu mpiga ngoma alikuwa ameshika kichwa.

Kelele iliyofuata ilikuwa kubwa. Mwenye kiwanda aliomba injini izimwe, ikazimwa. Bwana Ngwali alikuja na utepe wake, akaupima uso, akalipima tabasamu kutoka pembe hadi pembe, akapima herufi za jina. Akarudia. Kila kitu kilikuwa sawasawa na sheria, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu alilitangaza hilo kwa sauti, ingawa ilimuuma. Wengine wakasema picha iondolewe hata kama ni halali, maana imemwaibisha marehemu mkono. Mwingine akasema mrithi asiyevaa joho si mrithi. Mashavu alisimama katikati yao, mikono mitupu, na wakati wote ule hakuondoka mbele ya mashine yake.

"Mwacheni mtoto," alisema Bi Arafa.

Hakuipandisha sauti, na wakamwacha. Alisogea mpaka mbele ya picha ya Kitwana. Aliitazama kwa muda, kisha naye akainama, kanga zake zile zilizopigwa pasi zikagusa sakafu yenye makapi, akaziona nyuzi. Alipoinuka hakuwatazama wajumbe wala mwenye kiwanda. Alimshika Sikudhani mkono, mkono wa kiwiko kilichoungua, bila kujua anamuumiza, akamwongoza kupita katikati ya watu mpaka upande wa makarai.

Mbarouk alikuwa hapo juu, ndani ya maua yake, kijana mwenye nywele zilizochanwa, anawatabasamia wote waliopita. Mama yake alikuwa amepita chini yake kila siku ya kazi, akainua uso, akasalimiwa. Hakuwahi kuuliza. Ndiye aliyeipigania sheria ya kutouliza, na pengine aliipigania kwa sababu hiyo.

"Huyu macho yake yanaweza kugeuzwa?" alimuuliza Sikudhani.

"Yanaweza, mama. Ni kazi ndogo."

"Basi yageuze."

"Nikiyageuza, mama, lazima nijue aangalie wapi."

Bi Arafa akawageukia watu. Walikuwepo pale wapishi wa juisi, walisha tanuri, wanawake wa kufunga sukari, wengi wao waliokuwepo siku ile. Kila mmoja aliangalia miguu yake.

"Nawauliza," alisema. "Mwanangu aangalie wapi?"

Mtu mmoja akakohoa. Bi Arafa alibaki amesimama, mrefu, mikono imekamata ncha za kanga, na kwa mara ya kwanza Sikudhani alimwona kuwa ni mzee.

Kitwana ndiye aliyetoka mbele, joho limelala begani kwake.

"Chini, Bi Arafa. Kushoto kwake. Kuna ubao tunaokanyaga tukikoroga, umelazwa kati ya karai na karai. Juisi humwagikia, ukateleza. Ulikuwa unateleza tangu sijaajiriwa. Alikuwa amebeba ndoo mbili, hakuwa na mkono wa kushikia." Kisha akasema lililobaki. "Tulimtoa haraka, mama. Nakuapia tulimtoa haraka."

Wote waliutazama ubao. Ulikuwa uleule, mweusi, unang'aa kwa juisi ya asubuhi ile, na hapakuwa na cha kushikia upande wowote. Mpishi aliyekuwa amesimama juu yake akashuka, polepole, akaenda kusimama kwenye udongo.

Bi Arafa aliutazama muda mrefu kuliko wote. Hakulia, au alilia kwa namna yake. Kisha akairekebisha kanga yake kichwani.

"Mchore anautazama ubao," alimwambia Sikudhani. "Na hilo tabasamu mtoe. Mwanangu hakuwa mtu wa kuchekacheka kazini."